Meno ya Simba yamekuwa ya kahawia: nisugue na nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Nipo Usa River. Tuna mbwa wa ulinzi anaitwa Simba, ni chotara, ana miaka minne. Meno yake yamekuwa ya kahawia, na akikuhemea usoni lazima ugeuze kichwa. Jirani kaniambia nimsugue na mkaa uliosagwa uliochanganywa na magadi. Mdogo wangu anasema dawa ya meno ya watu inatosha. Mifupa ya supu anapata kila Jumapili, na mimi nilijua mfupa ndio mswaki wa mbwa. Mwanangu wa miaka kumi anataka hiyo kazi iwe yake. Nimekutumia picha. Nisugue na nini? (Mama wa Wawili)

JIBU: Marahaba, mama. Picha nimeitazama mara mbili. Umemwinua Simba mdomo kwa mbele, chonge zinaonekana vizuri kabisa, bahati mbaya chonge ndizo zinazonieleza kidogo. Hiyo picha tutairudia. Kwa sasa weka ule mkaa pembeni, ukawashie jiko.

Umeniuliza usugue na nini. Mimi nataka ujue kwanza unasugua nini, maana kwenye mdomo wa mbwa wa wilaya yenu ya Arumeru kahawia si moja.

Iliyo ya kawaida ni ugaga. Asubuhi kabla hujapiga mswaki, pitisha ulimi juu ya meno yako: ule utando unaoteleza ndio ukoga, na ni vijidudu hai vilivyojishikiza kwenye jino. Kwa mbwa ukoga unarudi ndani ya saa chache baada ya kuusafisha. Ukiachwa siku mbili tatu, madini yaliyomo kwenye mate yanaanza kuugandisha, na ukishaganda ndio ugaga, jiwe kabisa, kama ule ukoko unaojijenga ndani ya birika. Mate ya mbwa hayana asidi kama yetu, yameelemea upande wa magadi. Ndiyo sababu mbwa hapati sana meno ya kutoboka kama watoto wetu wanaokula pipi, ila ugaga unamwota upesi. Unapenda zaidi magego ya juu, upande wa shavuni, kwa kuwa mifereji mikubwa ya mate inamwagia pale. Ukipitisha ukucha unakwaruza, na unauona umepanda juu ya jino kutokea kwenye ufizi.

Sasa kahawia ya pili, na hii nyie wa Usa River, Maji ya Chai na Ngurdoto mnaijua kuliko mimi niliyekulia upande wa Moshi. Miamba ya Mlima Meru ina floraidi nyingi, na maji yanayopita humo yanatoka nayo. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na viko vyanzo vya Arumeru vinavyozidi hapo mara kadhaa. Ngurdoto kipo hadi kituo cha kutafiti namna ya kuiondoa floraidi kwenye maji kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. (Mifupa inayo kazi yake basi, ila si ile tunayodhani. Nitafika.) Floraidi hailipaki jino rangi kwa nje. Inaharibu enameli, lile ganda gumu la nje la jino, wakati inajengwa, jino likiwa bado limo ndani ya ufizi. Kwa mtoto wa mbwa ni ile miezi michache ya kwanza ya maisha, kabla meno ya utoto 28 hayajang'oka na kuwapisha yale 42 ya ukubwa, kazi inayokwisha karibu na mwezi wa saba. Jino likishatoka na doa lake, doa hilo ni la kudumu. Huwezi kulisugua likaisha, sawasawa na usivyoweza kusugua tabasamu la mzee wa Ngurdoto likawa jeupe.

Ziko nyingine. Mtoto wa mbwa aliyeugua distempa akapona anaweza kuota meno ya ukubwani yenye mashimo na mikanda iliyoparuzwa, kwa sababu kirusi kile kinashambulia hata chembe zinazojenga enameli. Distempa ndiyo ile iliyotoka kwa mbwa wa vijijini ikaingia Serengeti mwaka 1994 na kuua karibu theluthi ya simba, hivyo ukisikia bwana mifugo anahimiza chanjo usidhani anawaza mbwa wako peke yake. Dawa za jamii ya tetrasaiklini, ambazo watu wananunua kwa ng'ombe halafu wakampa na mbwa mwenye mimba au watoto wake, nazo zinaacha meno ya njano iliyokolea. Na mbwa anayetafuna mawe au mpira wenye vumbi anakuwa na kidoa cha kahawia katikati ya jino lililolika. Kidoa hicho kikiwa kigumu na ukucha unateleza juu yake, jino limejitetea lenyewe, liache. Kikiwa ni tundu jeusi, kiini kiko wazi na mbwa anaumwa hata kama halii.

Jipime hivi: Simba akiwa ametulia, inua mdomo wake kwa pembeni, upitishe ukucha juu ya ile kahawia. Ikiwa laini kama kikombe cha kauri, imetapakaa upande wa kulia na kushoto kwa kufanana, na imekuwapo tangu akiwa kijana, hilo ni doa na halina harufu. Ikiwa inakwaruza na imekalia ufizi, huo ni ugaga. Kwa ile harufu uliyonielezea, ninaamini anao ugaga, na huenda anavyo vyote viwili.

Nimelikazania hili kwa sababu rangi ndiyo inayowapeleka watu kwenye mkaa. Mtu anaona kahawia anataka nyeupe, basi anasugua sehemu ya jino inayoonekana. Ugonjwa haupo pale. Upo kwenye ule ukingo ambapo jino linaingia kwenye ufizi, upana wake haufiki hata punje ya mchele. Ukoga ukikaa hapo ufizi unavimba na kuwa mwekundu, unaachana na jino, panatokea kifuko, vijidudu vinashuka kwenye kifuko hicho na kuanza kula mfupa ulioshika mzizi. Harufu inatoka huko chini. Nimewahi kuona mbwa mwenye meno ya kahawia kama chai ya maziwa na fizi salama kabisa, na nimeona kijibwa cha ndani, chonge nyeupe pee, chenye magego yanayocheza kwa kidole.

Mkaa na magadi, basi. Enameli ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu, unene wake haufiki milimita 1, na mkaa uliosagwa ni msasa. Unakwangua, jino linapata mikwaruzo, na ukoga unapenda kushika penye mikwaruzo. Magadi yanachoma fizi, yana sodiamu nyingi, na mbwa hajui kusukutua: kila unachomwekea mdomoni kinaishia tumboni. Zaidi ya hapo, magadi yanayochimbwa kwetu huku kaskazini, haya tunayotilia makande na maharage, yenyewe yamebeba floraidi. Umetoka kuikimbia kwenye maji unampelekea kwa kijiko.

Dawa ya meno ya watu nayo acha. Ina floraidi na povu ambavyo sisi tunatema, yeye anameza. Baadhi zina zailitoli, sukari mbadala ambayo kwetu haina neno ila kwa mbwa ni sumu. Inashusha sukari ya damu ghafla, mara nyingi ndani ya saa moja, na dozi ikiwa kubwa inaua ini. Gramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito inatosha kumwangusha. Imo pia kwenye bigijii zisizo na sukari, kwa hiyo waambie watoto. Mbwa akila kitu cha namna hiyo usingoje dalili, mpeleke kwa daktari hapohapo na pakiti mkononi.

Dawa ya meno ya mbwa ipo, yenye ladha ya kuku au nyama, na baadhi ya maduka ya dawa za mifugo Arusha na Moshi wanaweza kukuagizia. Ukiipata ni vizuri kwa sababu mbwa anaipenda. Usipoipata, usisimame hapo. Kinachoondoa ukoga ni kule kusugua. Dawa ni kitoweo tu. Chovya mswaki kwenye mchuzi wa nyama au wa dagaa uliopoa, usio na chumvi wala kitunguu (kitunguu kinaharibu damu ya mbwa), na kazi itafanyika.

Kabla hujaingiza mkono mdomoni kwa Simba, tafuta kadi yake ya chanjo. Kama kichaa cha mbwa hakijachanjwa ndani ya mwaka huu, anza na hiyo, meno yatasubiri. Sikutishi. Mbwa mwenye kichaa cha aina ya kupooza hang'ati ovyo kama watu wanavyofikiri. Taya linalegea, mate yanamwagika, anashindwa kumeza, na mwenye mbwa anasema "amekwamwa na mfupa" kisha anatumbukiza mkono ili autoe. Na upande wa pili, niliwahi kuitwa kijiji kimoja cha Machame, watu wameshika fimbo, mbwa anatoka mate na kujikwaruza mdomo kwa miguu ya mbele, wamekwishaamua kuwa ni kichaa. Mbwa yule alikuwa na chanjo, kadi nikaiona. Nilipomlaza kwa sindano nikakuta kipande cha ubavu wa mbuzi kimebana kwenye kaakaa, kutoka gego la kulia hadi la kushoto, kama boriti. Kilichoniruhusu kufungua mdomo ule ni ile kadi. Kwa hiyo mbwa aliyebadilika tabia, anayetoka mate asivyo kawaida, usimchunguze mwenyewe. Mfungie, umwite daktari. Na mate yake yakikugusa kwenye kidonda au akikung'ata, osha hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo.

Haya, tuanze kazi. Utahitaji mswaki laini wa mtoto mdogo, wake peke yake, na moyo wa subira. Simba ni mbwa wa ulinzi wa miaka minne ambaye hajawahi kushikwa mdomo, akiuma haitakuwa kosa lake. Ukijaribu kumpiga mswaki leo, kesho akiona mswaki anaingia uvunguni mwa gari na habari itakuwa imeishia hapo.

Chagua saa moja usiibadilishe. Kwa mbwa anayeshinda bandani, naona jioni kabla hajafunguliwa ni saa nzuri: anakutazamia, na anajua baada ya hapo anapata uhuru wake. Keti ubavuni kwake, usimkabili kwa mbele wala usimwinamie, mbwa anakutafsiri kuwa unamtisha. Siku tatu nne za mwanzo fanya kitu kimoja tu: chovya kidole kwenye mchuzi, ailambe, umpapase nje ya shavu, mfungue aende. Siku zinazofuata kidole kipite chini ya mdomo wa juu, kiguse fizi, kitoke. Akiguna au akigeuza kichwa, umekwenda mbio. Rudi hatua moja nyuma, usimkemee. Baadaye jifunge kidoleni kipande cha fulana ya pamba iliyochakaa, kimelowa mchuzi, ufute meno mawili matatu ya upande mmoja. Wapo mbwa ambao hawapiti hapo, hawautaki mswaki katu. Ukifika hapo na ukawa unamfuta kila siku, umefanya jambo la maana, usijilaumu.

Mswaki unakuja baada ya wiki mbili tatu. Mdomo unabaki umefumbwa, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea kwa kumpanua mbwa taya kama fundi gari anayefungua boneti. Hakuna haja. Inua tu mdomo wa juu kwa kidole gumba, ingiza mswaki shavuni mpaka nyuma, brashi ielekee ufizi kwa mshazari, nusu kwenye jino nusu kwenye ukingo, uzungushe viduara vidogo. Anza magego ya juu, kwa kuwa ndiyo yenye ugaga na kwa kuwa mbwa akichoka utakuwa umeshapata ya muhimu. Upande wa ndani ulimi unausafisha kwa kiasi chake, usihangaike nao. Nusu dakika kila upande yatosha. Kila siku ndiyo dawa kamili, kwa sababu unashindana na zile siku mbili tatu za ukoga kuganda. Mara tatu kwa wiki kuna faida. Jumapili kwa Jumapili ni kupaka rangi ukuta unaovuja.

Damu kidogo siku za mwanzo inaweza kutoka kwenye ufizi uliovimba. Ukiendelea kwa upole huwa inapungua ndani ya wiki moja au mbili. Isipopungua, chini yake kuna jambo ambalo mswaki haulifikii.

Mfupa. Najua nagusa mila. Ni kweli kutafuna kunakwangua kidogo ukoga kwenye ncha za magego, ila mfupa wa supu, tena uliochemshwa saa tatu kwa ajili ya mtori, ni mgumu kiasi cha kuvunja jino. Gego kubwa la juu, lile la nne, hufanya kazi kama mkasi, na mbwa anapolazimisha mfupa, ubao wa nje wa jino hilo unabanduka kama kipande cha sahani. Mzizi wake umepita chini ya jicho. Miezi baadaye mtu analeta mbwa mwenye uvimbe chini ya jicho akisema kaumwa na nyuki, kumbe ni usaha wa jino. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama sindano. Kwato na pembe zilizokauka ziache pia, pamoja na vijiti, na hata ule mswaki wa mti ambao babu zetu walitumia vizuri: sisi tulitafuna nyuzi tukatema, mbwa anavunja na kumeza. Na gunzi la mahindi usimtupie kabisa. Halimsafishi jino lolote, na likimezwa linaziba utumbo, ni upasuaji huo.

Kipimo changu ni ukucha: kitu unachompa mbwa atafune, ukikibonyeza kwa ukucha kisibonyee, kitamvunja. Karoti mbichi nzima inafaa na ni rahisi. Vitafunio vya meno vya dukani vipo vya kila namna, ukiona kwenye pakiti nembo ya VOHC, baraza la madaktari wa meno ya wanyama lenye asili Marekani, ujue kimepimwa kweli kama kinapunguza ukoga au ugaga. Ugali wa dona na dagaa si adui wa meno. Unanata kidogo, basi.

Nikuulize na mimi: bandani kwa Simba kuna wavu au nondo anazozing'ata akiona watu wanapita? Tazama chonge zake kwa nyuma. Mbwa wanaofungiwa mchana kutwa hulika chonge upande wa nyuma, zikabaki nyembamba kama kisu kilichonolewa miaka, na siku moja anamshika mwizi chonge inakatika. Kwenye picha yako chonge ya kushoto inanitia wasiwasi hapo. Dawa yake ni kumzungusha, kumpa kazi, na kuziba kwa ubao ule upande unaotazama barabara.

Sasa ule ugaga uliokwishaganda. Mswaki hautautoa, na wewe usiutoe kwa kisu wala koleo. Unaweza kuubandua ukafurahi, ila uliobaki chini ya ufizi ndio unaokula mfupa, na mbwa aliye macho hatakuruhusu kufika huko, wala hataniruhusu mimi. Kazi hiyo inafanywa kwa nusukaputi, mbwa akiwa na mpira wa kupumulia kooni ili maji na uchafu visiingie mapafuni, ugaga ukitolewa juu na chini ya ufizi, kisha meno yang'arishwe ili ukoga usipate pa kushika. Anayekwambia atamkwangua hivihivi akiwa macho atakurudishia mbwa mwenye meno meupe na ugonjwa wake uleule. Kabla ya kwenda, piga simu uulize wanatumia usingizi gani, kama wanapima damu kwanza, na kama wana picha ya eksirei ya meno, maana nusu ya jino imejificha. Nusukaputi ina hatari yake, ndogo kwa mbwa mzima wa miaka minne. Mimi ningempeleka Simba mara moja asafishwe, halafu mswaki ulinde kile kilichosafishwa. Mazoezi ya kidole unaweza kuanza leo. Mswaki wenyewe usubiri kama fizi zinauma.

Usingoje ukiona jino linacheza au limevunjika, uvimbe chini ya jicho, kinyama kinachoota mdomoni, anatafuna upande mmoja, anaangusha chakula, au anapiga chafya zenye usaha. Na usiniambie "lakini anakula vizuri." Mbwa anakula akiwa na jino bovu kama ambavyo mtu ataendelea kulima akiwa na jino bovu.

Mwanao wa miaka kumi asiingize mkono mdomoni. Mpe kazi ya kushika bakuli la mchuzi na kuhesabu sekunde thelathini kwa sauti, na kuchora alama kwenye kalenda kila jioni mliyofanya. Kazi nyingine ni yake kabisa: mkija kupata mtoto wa mbwa mwingine, akinge maji ya mvua kwa ajili yake hadi meno yote ya ukubwani yatoke. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi, kunaizidisha kwa kuwa maji yanapungua yenyewe inabaki. Maji hayo ya mvua yanawafaa na nyie wenyewe.

Tukirudi kwenye picha: piga nyingine, mchana, Simba amefumba mdomo, kidole gumba kikivuta pembe ya mdomo wa juu kuelekea sikioni. Nataka lile gego la nne, kulia na kushoto, na ufizi wake. Chonge piga kwa nyuma.